Mwisho wa Wimbo Uko kwa Yunisi

Saa kumi na moja jioni, Iyunga, jijini Mbeya. Malori yaendayo Zambia yanapita yakinguruma, na moshi wa nyama choma unaingia hadi kati ya vitufe vya kinanda. Yunisi Ngolo anavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cha mezani. Kisha anakipandisha kinanda juu ya kreti za bia, anavuta waya mpaka kwenye spika, na kukalia kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya katani.

"Mwalimu, anzia na za taratibu," anasema Jailos, mwenye bustani hii ya vinywaji. "Watu wale kwanza. Fujo baadaye."

Anaanza na za taratibu. Meza ya karibu wamekaa madereva wawili wanaobishana habari za matairi. Nyuma yao kuna baba mmoja na ugali wake. Hakuna anayegeuka.

"Siwalaumu," anasema Yunisi, mikono ikiendelea kutembea. "Wamekuja kula. Kinanda kwao ni kama feni tu, mtu anakijua kikizimwa."

Ana umri wa miaka thelathini na mbili na shahada ya muziki ya chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa saba tangu ahitimu, na shahada hiyo haijawahi kumpatia ajira hata ya wiki moja. Jailos humpa Sh25,000 kwa jioni, Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya wiki hufundisha kinanda watoto wa Mama Naima, mwenye duka la vitambaa Mwanjelwa. Kodi, chakula, vocha, vyote vinatoka humo.

Mwenye kuumia zaidi ni baba yake. Mzee Ngolo ni mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Usangu na mifugo yake zamani, Yunisi akiwa mtoto wa mgongoni. Alipouza ng'ombe ili binti yake asome, majirani walimcheka mpaka machozi. Ng'ombe wazima, tena wa maziwa, waende kulipia kuimba? Mzee akaziba masikio, akauza. Leo kila akipiga simu, swali lake ni lile lile.

"Ng'wanone, mwanangu, wale ng'ombe wangu wameshazaa?"

"Bado, baba."

"Haya. Wabeja," husema mzee, yaani asante, na kukata simu. Hamkaripii. Yunisi anasema heri angemkaripia.

Hayuko peke yake katika janga hili. Boniface, waliyesoma naye darasa moja, alikuwa akipiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi. Siku hizi yuko Mafinga, anapanga mbao za misonobari kwenye mashine ya kupasulia.

"Vidole vimeota sugu, nyuzi sizisikii tena," alisema kwa simu huku msumeno ukimfunika sauti. "Mwenzetu mwingine anapuliza tarumbeta kwenye pikapu za harusi. Huyo ndiye tajiri wetu. Tukikutana, soda analipa yeye."

Na usije ukadhani Mbeya haina haja na muziki. Weee! Mji huu unaimba Jumapili hadi Jumapili. Kila kanisa lina kwaya mbili tatu, kila harusi ina bendi, na msiba bila kwaya watu watausema mwaka mzima. Muziki unatakiwa sana. Asiyetakiwa ni yule anayenyoosha mkono kuulizia malipo.

"Ukimwita fundi bomba unamuuliza bei," anasema Yunisi. "Ukimwita mwalimu wa kwaya unamwambia Mungu atakulipa. Basi mimi na mwenye nyumba wangu tunamsubiri Mungu. Tatizo mwenye nyumba ana haraka."

Kwa miaka mitano alifundisha kwaya ya kanisa moja hapa Iyunga, kanisa ambalo ameomba lisitajwe, kwa sababu bado anasali hapo. Ujira wake ulikuwa soda baada ya mazoezi na kilo ya sukari siku ya Krismasi. Hakulalamika. Aliipenda kwaya ile kufa. Aliichukua ikiwa kundi la watu wanaoshindana kupaza sauti, akaifikisha mahali ambapo watu wa mtaani walikuwa wakija kukaa nje ya kanisa siku za mazoezi.

"Pale nilikuwa mtu," anasema. "Kwingine kote nilikuwa yule dada wa kinanda."

Mwaka jana likatokea jambo. Shule moja ya bweni mjini Iringa, ambayo huandaa mashindano ya kwaya kila Oktoba, ilitangaza kwamba inatafuta mwalimu wa muziki. Badala ya kusumbuka na usaili, ikasema itamchukua mtunzi wa wimbo utakaoshinda. Ajira kamili, nyumba ya mwalimu, darasa lenye piano. Yunisi aliposikia tangazo hilo alikaa kitandani akashika mdomo.

Akatunga wimbo wa mfugaji aliyetoa kundi lake lote na kubaki peke yake mbugani, akingoja. Hahitaji kusema mfugaji huyo ni nani. Mwishoni mwa wimbo ng'ombe wanarudi: sauti ya nne inaanza peke yake kwa chini, ya tatu inaifuata, kisha ya pili, kisha ya kwanza, mpaka zizi linajaa na sauti zote nne zinafunga kwa pamoja.

Hapa inabidi msomaji aelezwe desturi moja ya walimu wa kwaya wa huku. Sehemu ya mwisho ya wimbo wanaiita mkia, na wimbo ukiwa wa mashindano, mkia haufundishwi mpaka wiki ya mwisho. Sababu ni wizi. Kwaya pinzani hutuma mtu akasimama nje ya dirisha na simu, akarekodi mazoezi yote, na ukifika mashindanoni unaukuta wimbo wako umeshaimbwa na wenzako asubuhi. Kwa hiyo mwalimu anauficha mkia kichwani. Hauandiki popote, hamwambii mtu, hata mumewe.

Yunisi aliuficha wa kwake. Kwaya ikashika wimbo wote, vizuri ajabu, mpaka pale mfugaji anaposimama mbugani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Ndipo ikatokea picha.

Muumini mmoja wa kanisa lile alimpiga picha Yunisi akiwa kazini kwa Jailos, akaipeleka kwa wazee wa kanisa. Yunisi akaitwa kwenye kamati, picha ikawekwa mezani.

"Pembeni ya picha kulikuwa na mkono na chupa," anasimulia. "Nikawauliza, wazee wangu, huu mkono ni wa nani? Wakaniambia, tunaongelea wewe."

Alitengwa. Maana yake hashiriki meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma kabisa, na haruhusiwi kusimama mbele ya kwaya, mpaka aache kupiga kinanda baa na kutubu mbele ya waumini wote. Alipowauliza akiacha ale nini, mwenyekiti wa kamati, Mzee Asukile, mstaafu wa reli mwenye sauti ya upole, alimjibu kwamba Bwana atatoa.

"Miaka mitano nilikuwa nawafundisha, wanajua sina kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nakula nini," anasema Yunisi. "Walipojua ninakula wapi ndipo wakauliza." Anacheka, lakini kicheko hicho hakifiki machoni.

Jumapili iliyofuata akakaa benchi la nyuma, pamoja na binti mmoja aliyepata mimba kabla ya ndoa na mzee aliyeoa mke wa pili. Kwaya ikaimba. Mazoezi yakashikwa na Edmund, kijana mpiga kinanda wa kanisa, ambaye Yunisi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupiga kwa sikio, bila nota. Edmund akaufikisha wimbo mpaka mbugani, akakwama. Wakarudia mwanzo, wakakwama palepale. Mkia ulikuwa kwenye benchi la nyuma.

Siku ya tatu yake Mzee Asukile akabisha hodi chumbani kwa Yunisi, ameongozana na Frida, kiongozi wa sauti ya kwanza. Mkononi alikuwa na kilo ya sukari.

"Mwanangu Yunisi," akaanza, "kwaya inakwenda Iringa."

"Najua, mzee wangu."

"Wimbo hauna mwisho."

"Nalijua hilo pia. Niondoleeni adhabu, kesho jioni nawamalizia."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, tusichanganye mambo. Adhabu ni ya Mungu. Mkia ni wa kwaya."

Yunisi anasema alitaka kumrudishia sukari yake na kufunga mlango. Frida alikuwa ameinama, anachezea pindo la kitenge. Lakini Yunisi aliijua hesabu ya mambo: kwaya isipokwenda, wimbo haushindi, na wimbo usiposhinda, kazi ya Iringa inampita. Akajikaza kisabuni. Akaomba jambo moja tu, kwamba wakifika Iringa, jina la mtunzi lisomwe, Yunisi Ngolo. Mzee Asukile akakubali mbele ya Frida, akamshika mkono.

"Ndaga fijo, mwanangu," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Ikabaki shida moja. Aliyetengwa hasimami mbele ya kwaya. Kamati ikakaa, ikazungusha maneno, ikapata ufumbuzi: Yunisi atafundisha akiwa nje. Kwaya itasimama ndani, dirisha litafunguliwa, naye atasimama nje ya dirisha.

Ndiyo. Pale pale wanaposimama wezi wa nyimbo na simu zao.

Basi wiki nzima mwenye shahada ya muziki alisimama kwenye majani mabichi, amejifunika kanga kichwani, manyunyu ya Mbeya yakimwingia shingoni. Dirisha lilikuwa juu, hivyo Ezekia, kiongozi wa sauti ya nne, alimwekea matofali ya kusimamia. Mzee Asukile alikaa ndani karibu na dirisha, asije mtu akavuka mpaka.

"Tulikuwa tunaona kichwa chake na mikono," anakumbuka Frida. "Anatupungia tuingie, tunaingia. Alipotuletea wale ng'ombe, wanaume wazima wa sauti ya nne walikuwa wanaimba huku machozi yanawatoka. Sisi tumekauka ndani, yeye analowa nje, halafu yeye ndiye anatuambia tabasamuni."

Jumamosi ya mashindano basi liliondoka asubuhi kwenda Iringa bila yeye. Yunisi akaenda kazini. Jioni simu yake ikaita. Frida alikuwa amempigia na kuiacha hewani ndani ya pochi, juu ya kiti cha mbele ukumbini. Yunisi akaingia stoo ya bustani, kati ya kreti, akaibana simu sikioni. Jailos, ambaye si mtu wa kanisa lolote, alizima spika na kuwaambia wateja wanyamaze kidogo.

Alisikia wimbo wake wote. Aliwasikia ng'ombe wakirudi mmoja mmoja. Kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi, na vigelegele vya akina mama wa Iringa visivyokwisha. Baadaye sana msema chochote akatangaza mshindi. Kwaya ya Iyunga, Mbeya. Stoo ikawa ndogo, Yunisi anarukaruka kati ya chupa, ameziba mdomo kwa mkono.

"Na mtunzi wa wimbo huu," sauti ikaendelea, "ni ndugu yetu Edmund! Edmund, simama watu wakuone!"

Yunisi hakumbuki simu ilivyokatika. Anachokumbuka ni kwamba Jailos alimkuta amekaa sakafuni, akamletea maji. Kisha Yunisi akatoka, akapiga kinanda mpaka mwisho wa jioni. Ujira wa siku ile ulikuwa umeshapangiwa kazi.

Usiku huohuo Mzee Ngolo alipiga simu kutoka Usangu. Redio imesema kwaya ya Iyunga imeshinda, akasema, sauti yake imejaa furaha. Ameshachinja mbuzi, majirani waliomcheka amewaita wote. Ila mtangazaji ametaja jina jingine la mtunzi, imekuwaje?

"Nilimwambia redio imekosea," anasema Yunisi. "Ningemwambia nini? Mbuzi ameshachinjwa."

Mzee Asukile, alipotafutwa na mwandishi wa makala haya, hakukana wala hakukasirika. Alikaribisha chai.

"Kanisa lina utaratibu wake," alisema. "Jina la mtu aliyetengwa halisomwi hadharani kama la mtu wa kusifiwa. Edmund alishika kinanda, tukaandika Edmund. Na kwani wimbo ni wa nani? Si wa Bwana?"

Alipoulizwa kuhusu ahadi aliyoitoa mbele ya Frida, alikoroga chai yake muda mrefu. "Nilimwahidi kama baba," alisema mwishowe. "Kamati ikaamua kama kamati."

Leo Edmund, aliyeishia kidato cha nne, ndiye mwalimu wa muziki wa shule ile ya Iringa. Nyumba ya mwalimu anaishi yeye. Na msomaji, usishangae: Jumapili jioni humpigia simu Yunisi.

"Dada Yunisi, samahani sana. Kesho nina darasa. Hizi alama zinazokaa mwanzo wa mistari, zile kama reli zilizokatana, ni za nini?"

Na Yunisi humweleza. Wakati mwingine saa nzima. Edmund humtumia vocha.

Kwa nini humjibu? Swali hilo Jailos humuuliza kila mara kwa hasira, na mwandishi naye alimuuliza. Yunisi alibonyeza kitufe kimoja bila sauti.

"Edmund si mtu mbaya. Ana mke, ana mtoto mdogo, aliambiwa nenda akaenda. Nikimkatia simu hatafukuzwa yeye. Watafundishwa uongo wale watoto." Halafu akaongeza: "Lakini kuna siku nikimaliza kumweleza nalia. Nalia kwa hasira. Lile darasa nalijua lote, dawati kwa dawati, na sijawahi kukanyaga mlangoni."

Adhabu yake bado iko palepale. Hajaacha baa, na kutubu hataki. Anasema atatubu siku watakapomwonyesha mwenye ule mkono wa pembeni ya picha.

Mwezi uliopita hodi ikabishwa tena. Mzee Asukile, Frida, na kilo ya sukari. Oktoba inakuja, kwaya inatetea ushindi wake, na shule safari hii inatafuta mwalimu wa pili, wa kwaya na ala. Hata yeye Edmund amekiri kazi imemzidi. Utaratibu ni uleule, mtunzi wa wimbo utakaoshinda.

Watu wengine wangemfukuza mzee yule kwa ufagio. Yunisi alimpokelea sukari. Wimbo ulikuwa tayari.

Ni wimbo wa mtu aliyesimama nje ya dirisha. Ndani kuna taa, kuna watu wanakula na kuimba, naye yuko kwenye manyunyu akiwafundisha maneno ya wimbo wao. Kwaya imeshaanza kuujifunza, naye anaufundisha palepale dirishani, juu ya matofali yaleyale. Mzee Asukile ameupenda mno. Amesema ni wimbo mzuri sana wa mwana mpotevu.

"Frida ameelewa," anasema Yunisi. "Ezekia ameelewa, alinitazama akainamisha uso. Mzee bado."

Mkia wa wimbo huu ndipo mlango unapofunguliwa. Na huo ameuficha. Amewaambia kamati kwamba hataufundisha mkia huo dirishani. Ataufundisha Iringa, asubuhi ya mashindano, akiwa ndani, amesimama mbele ya kwaya, na jina lake likiwa limeshaandikwa kwa waandaaji. Wasipotaka, waimbe mpaka pale mtu amesimama nje kwenye manyunyu, wainame, washuke jukwaani bila mwisho.

Mzee Asukile alisema kamati itakaa. Haijakaa. Frida ameleta habari kwamba wapo wanaosema kuna kijana Mwanjelwa ana kompyuta, anaweza kuushonea wimbo mwisho wowote kwa siku moja.

"Washone," anasema Yunisi, na kuinua mabega. Halafu anayashusha. "Naogopa, nisikudanganye. Kila siku naogopa. Wakishona wakashinda, mimi sina kingine. Lakini mwaka jana niliwapa vyote nikabaki na sukari."

Ameanza kuweka akiba ya nauli. Si yake, ni ya Mzee Ngolo, kutoka Usangu hadi Iringa, na shati jipya. Anataka mzee akae mstari wa mbele kabisa, asikie jina likisomwa lote, la binti na la baba, bila redio kukosea.

Jua limeshashuka nyuma ya mlima. Bustani imejaa, wale madereva wamemaliza habari za matairi. Yunisi anaanza wimbo wa dirishani, taratibu, na kwa mara ya kwanza jioni hii yule baba wa ugali anageuka. Dereva mmoja anaweka chini glasi yake. Wimbo unapanda, unazunguka, unakuja mpaka mahali ambapo sikio lako lenyewe linajua kinachofuata.

Yunisi anaiondoa mikono kwenye kinanda.

"Aa! Mwalimu, malizia bwana!" anapiga kelele dereva. "Au umesahau?"

"Sijasahau," anasema Yunisi, akifuta vitufe. "Mwisho wake unaimbwa Iringa."